Kadi za maktaba zilivyonibeba kwenye udiwani

Nimefundisha, kisha nikawa mkutubi kwa miaka mingi, na siasa niliiona kazi ya watu wengine. Kilichonitoa maktabani ni pendekezo la kufuta saa za jioni za maktaba ya umma. Nilikwenda kikaoni kama mwananchi, nikakaa nyuma, nikasikia maktaba ikiitwa ghala la vitabu. Nikaamua kugombea.

Kampeni ilikuwa nyumba kwa nyumba, nikapita kwa kura chache. Jasho lilinitoka baada ya kuapishwa.

Watu walinijia na shida zilizosongamana, nami nikakumbuka meza yangu ya maktabani. Msomaji akiomba kitabu cha afya, usikimbilie rafu. Muulize kwanza anatafuta nini hasa. Pengine mama yake ameambiwa ana kisukari na yeye hajui ampikie nini. Basi nikawasikiliza wananchi vivyo hivyo. Mzee mmoja alitaka taa ya barabarani. Nilipomwacha aseme hadi mwisho, kumbe binti yake hutoka kazini usiku na hupita kando ya mtaro usio na mfuniko. Taa ilikuwa nusu tu ya shida yake.

Kila shida niliiandikia kadi: tarehe, mahali, nani aliahidi nini. Nikazipanga kwa namba za Dewey, mfumo wa maktaba wa kupanga vitabu kwa mada, wa tangu mwaka 1876, ambao vidole vyangu vinaujua: elimu 370, barabara 625, maji na usafi 628. Halafu nikaomba mihtasari ya vikao vya nyuma, nikaisoma ukurasa kwa ukurasa. Hapo ndipo nilipoukuta ule mtaro. Ulikuwa umepitishwa mara mbili, na mara zote mbili fedha zikahamishiwa kwingine.

Zamu yangu ya kusema ilipofika nilishika kadi moja tu. Nilisoma tarehe mbili na namba za kurasa, nikakaa. Ukumbi ukawa kimya, watu wakaanza kufunua mihtasari yao. Safari hiyo mifuniko iliwekwa.

Saa za jioni za maktaba tulinusuru siku mbili kwa wiki. Hilo bado linaniuma, maana wanaokuja jioni ni wale ambao mchana wako kazini, na hawana pengine pa kusomea. Kadi yake, 027.4, iko mbele kabisa ya droo.