Wekundu nilioutafuta

Nimetoka zamu ya usiku tangu saa mbili asubuhi na usingizi umegoma, basi naandika.

Babu wa kitanda cha saba alilazwa kwa kiharusi, upande wa kulia umepooza. Mimi ndiye niliyempokea. Nilimgeuza, nikamulika kitakoni na visiginoni kwa tochi ya simu, nikaandika kwenye faili: ngozi salama, hakuna wekundu. Usiku wa tatu nilipomgeuza tena, juu ya mfupa wa mkia palikuwa na lengelenge lililopasuka, upana kama wa sarafu ya shilingi mia mbili, na chini yake nyama ya waridi inang'aa kwa unyevu. Tayari hatua ya pili.

Nimefunga majeraha mengi. Chuoni tulikariri aina zake: la wembe, kingo zimenyooka; la kuchanika, kingo zimeparurika; mchubuko wa bodaboda uliojaa mchanga; la msumari, mdomo mdogo na shimo refu, ambalo mimi hulihofia kuliko yote kwa sababu ya pepopunda. Ya chumba cha upasuaji yana madaraja manne, kuanzia safi kabisa hadi lile lenye usaha. Kiswahili nacho kina mgawanyo wake ambao hakuna mwalimu aliyetufundisha. Jeraha lina siku na saa, mtu atakwambia alianguka wapi. Kidonda hukaa. Kikikaa mno, ndugu wanashusha sauti ndipo waseme donda ndugu.

Cha Babu ni kidonda cha mgandamizo, kile cha kulalia upande mmoja muda mrefu, nacho hupimwa kwa kina, hatua kwa hatua. Ya pili, ngozi ya juu imetoka au kuna lengelenge. Ya tatu, mafuta yanaonekana. Ya nne, umefika kwenye msuli au mfupa. Ya kwanza ngozi bado ni nzima, ila ina wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole.

Wekundu! Babu ni mweusi tii. Sijui nilitegemea kuona nini. Picha tulizosomea zilikuwa za matako ya Wazungu, na maelezo ya ngozi nyeusi yalikuwa aya moja tu: linganisha na ngozi ya jirani, tafuta joto au ubaridi, ugumu au ulaini usio wa kawaida, muulize mgonjwa kama panauma. Aya hiyo niliijibia mtihani vizuri sana.

Inchaji wetu, muuguzi msimamizi wa wodi, hakunifokea, na afadhali angefoka. Alishika kisigino cha kulia cha Babu, akaniambia, "Vua glovu, weka mgongo wa mkono hapa. Sasa weka kwenye kile kingine." Rangi ni ileile. Lakini cha kulia kilikuwa cha moto, kigumu kama embe bichi. "Hiyo ndiyo hatua ya kwanza," akasema, akaenda zake kugawa dawa.

Bintiye anayemuuguza alikuwa amesimama pembeni. "Sista, mbona mimi nilimwekea kata?" Kweli, alikuwa ameviringisha khanga mfano wa ile kata ya kubebea ndoo kichwani, akamkalishia juu yake, na kila jioni anamsugua pale kwa mafuta ya nazi mpaka ngozi ipate moto. Nikamweleza kwamba kata inabana nyama ya pembeni na kuzuia damu, na kusugua juu ya mfupa kunaumiza ndani. "Mafuta paka tu, dada, usisugue."

"Kumbe nimemuumiza baba?"

Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyemkagua siku ya kwanza. Faili halifutwi, niliongeza chini yake, kwa tarehe na sahihi: ukaguzi wa kwanza ulifanywa kwa macho pekee. Mkono ulikuwa mzito kuandika.

Kidonda nimekisafisha kwa maji ya chumvi na kukifunika. Mto tumeuweka chini ya shavu la mguu ili kisigino kibaki hewani. Binti ametega simu ilie kila baada ya saa mbili amgeuze, na mlio aliouchagua ni wa jogoo. Saa nane usiku wodi nzima iliamka. Mzee wa kitanda cha tisa ameshaniomba nimhamishe.