Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kiingereza, Lindi

Saa 11 alfajiri. Chai iko jikoni, mihogo ya jana inapata moto, mimi naandaa somo. Leo Kidato cha Pili wanaanza vitenzi ambavyo mimi huviita vyenye mkia. "Look" peke yake ni kutazama, ukiifungia "for" inakuwa kutafuta. Huo mkia ndio wanaoudondosha: "I am looking my pen." Wengine wanakimbilia "I am finding my pen", ilhali "find" ni kupata, na aliyekwisha kupata hatafuti tena.

Saa 1 na nusu, mstarini. Matangazo, nywele ndefu, kuchelewa. Ya kila siku.

Saa 2 na dakika 40, vipindi viwili mfululizo. Mifano ya vitabuni imejaa theluji na treni za London, kwa hiyo ubaoni nimeandika Tendaguru, kilima cha mkoani kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, wakiwemo Werner Janensch na Edwin Hennig, walisimamia uchimbaji wa mifupa ya dinosaria pale, na wachimbaji wenyewe walikuwa watu wa huku, akiwemo msimamizi wao Boheti bin Amrani. Wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi.

"They looked for bones." Walitafuta mifupa. Hapo hakuna ubishi. Nikaandika mbili nyingine: "They searched the hill" na "They searched for bones". Kinachofuata "search" moja kwa moja ni mahali panapopekuliwa, na kinachofuata "for" ni kitu kinachotafutwa. Nikaona nyuso zimeganda, nikaleta polisi. "The police searched the man": wamemshika, wanampekua mifuko. "The police searched for the man": bado hawajui aliko.

Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe Madam, hiyo 'for' ndiyo inampa nafasi ya kukimbia!"

Darasa likavunjika kwa kicheko, na sikuona sababu ya kulinyamazisha. Binti mmoja wa mbele akasoma sentensi yake: "We are looking for our bones in Berlin." Sarufi safi. Ila mifupa hiyo haijapotea. Dinosaria wa Tendaguru aitwaye Giraffatitan amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo zaidi ya mita 13, na kila mtu anajua aliko. Kama unakidai kitu unachojua kilipo, Kiingereza kina "ask for". Akafuta, akaandika upya kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Saa 4 na nusu, chai na chapati. Mwalimu mwenzangu anataka tubadilishane vipindi vya Ijumaa. Nimekataa.

Saa 7 mchana, Kidato cha Nne na kamusi zilizochanika majalada. Neno la kamusini tunali-"look up", kwa kuwa unajua pa kufungua. Hapa mkia unahama: "look it up" ni sawa, "look up it" ni kosa. Kwa "look for" ni kinyume, "it" inakaa mwisho, "look for it". Sheria hii haina huruma na mimi siipambi. Tunairudia kwa mdomo mpaka ulimi uzoee.

Saa 10 jioni, sokoni. Changu wamepanda bei, nikachukua dagaa.

Saa 2 usiku anabisha kijana wa jirani.

"Shikamoo dada. Naomba uniangalizie barua ya kazi."

"Marahaba. Lete."

Mstari wa kwanza: "I am finding a job in your office." Nikamwambia hapo ni "looking for", lakini hiyo ni ya kuongea na rafiki. Mwajiri hahitaji kuambiwa kwamba unatafuta kazi, anataka kujua unaomba ipi. Tukaandika "I wish to apply for the post of storekeeper".

"'For' tena?"

"Tena."

Akauliza kama ataje na mshahara anaoutaka. Nikamwambia asubiri kwanza aitwe kwenye usaili.