Siku moja maishani mwangu: injinia wa majengo ya kuhimili milipuko

Saa 2 asubuhi nacheki modeli niliyoiacha ikipiga hesabu usiku kucha. Mlipuko wenyewe unadumu milisekunde chache tu ila kompyuta imehangaika nao masaa, presha inaruka juu ghafla, inashuka, halafu inageuka na kuanza kuvuta. Na wimbi likigonga ukuta uso kwa uso presha inazidi mara mbili, likiwa kali sana inafika mara nane na kupita.

Saa 3 simu ya mteja, swali lilelile, eti ukuta uwe mnene kiasi gani. Namwambia, bosi, tuanze kwanza na umbali kati ya jengo na pale bomu linapoweza kulipukia, maana ukisogeza jengo mara mbili ya umbali, presha ileile itahitaji baruti mara nane. Hapendi, anataka parking mlangoni.

Saa 5 niko saiti, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozungushiwa nondo za wima, nataka zibanane na ncha zake zikunjwe digrii 135 ziingie ndani ya zege, zikikunjwa 90 tu, ganda la nje likishabanduka ringi inafunguka na nguzo kwisha habari yake. Fundi ananiuliza nondo za juu katikati ya slabu za nini jamani wakati mzigo unashuka chini. Swali zuri kwa kweli! Wimbi likiingia chini ya slabu linaisukuma juu, mvutano unahamia upande ambao kawaida hauna chuma, na zege kwenye kuvutwa ni dhaifu, nguvu yake ni kama sehemu ya kumi tu ya ile ya kubanwa.

Saa 8 kikao, wenye pesa wanataka kupunguza nondo. Nawawekea jengo la Murrah, la ofisi za serikali kule Oklahoma City, Marekani, 1995. Lori lenye bomu lililipuka nje, nguzo tatu za mbele zikaenda, zilikuwa zimebeba boriti kubwa ya ghorofa ya tatu na hiyo boriti ndo imebeba nguzo za juu, basi karibu nusu ya jengo ikaporomoka, watu 168 wakafa. Wachunguzi walisema lingefungwa nondo kama majengo ya sehemu za matetemeko, sehemu iliyoanguka ingekuwa ndogo sana. Kimya kidogo, nondo zikabaki.

Saa 10 ukuta wa chumba cha walinzi. Huu hata ukisimama unaweza kuua, kwa sababu wimbi linapita ndani ya zege likibana, likifika uso wa nyuma linarudi kama mvutano na vipande vinarukia waliomo ndani. Naongeza bamba la chuma upande huo.

Saa 12 jioni nafuta nguzo moja ya pembeni kwenye modeli nione kama jengo litasimama bila hiyo. Slabu inaning'inia kama machela, inashikiliwa na nondo tu, safi, isipokuwa jointi moja ambayo mchoraji alikatisha nondo za chini pale kwenye nguzo badala ya kuzipitisha moja kwa moja. Mchoro namrudishia usiku huuhuu.