Nilivyowazoesha Watoto Kutembea Njia ya Sala

Karibu kila niliyemweleza kwamba nataka kuwatembeza watoto wa shule ya Jumapili katika labirinti ya sala, yaani njia ya mizunguko iliyochorwa chini ambayo mtu huitembea akisali mpaka katikati, alinipa ushauri uleule: wafundishe kwanza kunyamaza. Ushauri huo ulinipotezea Jumapili nyingi. Mtoto wa miaka 4 aliyeamriwa kunyamaza hasali. Anabana kicheko, na akimwona mwenzake naye amebana, wote wawili wanaangua.

Nilichagua mchoro wa kale wa mizunguko 7, si ule wa mizunguko 11 uliojengwa sakafuni mwa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 13. Huo wa Ufaransa una upana wa karibu mita 13, na njia yake inazidi mita 250. Wadogo wangu wangefika katikati wakiulizia uji. Wetu, wenye njia za nusu mita, ulitosha katika mita 8 hivi za uwanja wa kanisa. Tuliuchora kwa kigingi na kamba ya katani, tukanyunyiza chokaa ya pesa kidogo, na upepo wa Dodoma wa mwezi Agosti ukaipeperusha yote kabla ibada ya pili haijakwisha. Tukapanga mawe badala yake, ambayo, namshukuru Mungu, huku kwetu hayanunuliwi.

Ninachojivunia ni kwamba niliwaacha wakimbie. Walikimbia mpaka mmoja wao akanijia akilalamika, "Mwalimu, mbona hakuna pa kupotelea?" Nilifurahi, kwani labirinti ya sala ina njia moja tu, isiyo na njia panda wala mwisho uliozibwa, na jambo hilo alikuwa amelijua kwa miguu yake kabla sijalihubiri. Walipochoka, walitembea wenyewe bila kuambiwa.

Ikabaki shida ya kugongana, maana anayetoka hupita njia ileile anayoingilia mwenzake. Nilikaribia kuwawekea zamu, nikakumbuka tunavyopeana amani ibadani. Sheria ikawa kwamba wanaokutana washikane mikono, waseme "Amani iwe nawe", kisha wapishane bila kugusa jiwe. Kupishana hivyo katika nusu mita kunataka utulivu ambao kemeo langu halikuwahi kuuleta. Wajanja wakaanza kujichelewesha makusudi ili wakutane na wengi zaidi, na binti mmoja alitoka akiwa amelisalimu darasa zima. Mzee mmoja kati ya walionisisitizia ukimya aliingia kujaribu, naye akabanwa na foleni ya mikono midogo mpaka akachelewa kikao chake.

Sala yenyewe iwe fupi: wakati wa kuingia, jina la mtu unayemwombea, wakati wa kutoka, asante. Walio chini ya miaka 3 washikwe mkono. Fanyeni kabla ya saa tatu asubuhi, jua halijawa kali, na fagieni mbigili kwanza, kwa sababu mtoto akishachomwa mguuni, siku hiyo hamtamrudisha njiani hata kwa pipi.