Ringi nyepesi, mlima wa Bugando na mizani ya dagaa

Laki tatu na nusu imenitoka kwa ringi mbili nyepesi za baiskeli, za mtumba, na nina miezi miwili natafuta hiyo hela ilienda wapi.

Aliyeniuzia aliongea kwa uhakika kweli, eti gramu moja ukiitoa kwenye ringi ni kama umetoa kumi kwenye fremu, nami nikameza bila hata maji. Nyumbani sina mizani ya maana, kwahiyo nikabeba ringi za zamani na mpya hadi Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kwa mama mmoja anayeuza dagaa, ana ile mizani ya kuning'iniza. Shikamoo mama, naomba unipimie hizi. "Marahaba mwanangu, unauza kwa kilo?" Majirani zake wakacheka mpaka mmoja akamwaga kisado. Za zamani na tairi zake zilisoma kilo 3.4, nikahamishia tairi na friwili (meno ya gia ya nyuma) zilezile kwenye mpya, 2.8. Gramu 600 zimeondoka, na harufu ya dagaa ikakaa kwenye spoku mpaka Jumapili.

Sasa hesabu. Ringi ina kazi mbili, iende mbele na baiskeli yote na hapohapo izunguke. Ndo maana uzito ulioko pembeni kabisa, yani duara la nje la ringi, tairi na tyubu, unaulipia karibu mara mbili wakati unaongeza spidi. Wa kwenye habu hauna shida hiyo sababu uko katikati. Mara mbili, sio kumi! Na ni wakati wa kuongeza spidi tu, ukishafika spidi yako na ukaishikilia hiyo mara mbili inapotea, ringi nzito inazunguka zake kama jiwe la kusagia na ile nguvu uliyoiweka bado imo ndani, unaipoteza tu ukishika breki.

Mlimani je? Mlimani ukienda spidi moja, kilo ni kilo tu, iwe ya ringi, ya fremu au ya ugali wa jana. Mi na baiskeli na chupa ya maji tunacheza kwenye kilo 80, toa gramu 600 hapo haifiki hata asilimia moja. Kipande changu cha kupandisha Bugando hospitali huwa nakichukua kwa dakika 3 na sekunde 10 hivi, kwahiyo ringi za laki tatu na nusu zinaniokolea sekunde moja na nusu hapo. Chupa ya maji ya nusu lita ukiinywa yote chini kabla hujapanda haikusaidii kitu, imehamia tumboni tu, ila ukiimwaga umepata karibu faida ileile bure.

Nilijaribu hata hivyo. Jumamosi moja mara tatu na za zamani, Jumamosi iliyofuata mara tatu na mpya. Muda mzuri kuliko yote niliupata kwenye ringi za zamani, ile siku nimelala mapema. Mbaya kuliko yote ni ringi mpya, nimekaa nyuma ya bajaji imejaza abiria na inanipulizia moshi usoni.

Ila nisiwe mnafiki, zina raha aisee. Ukitoka kwenye tuta pale njia ya Nyegezi ukasimama kwenye pedeli baiskeli inaruka, mkono unasikia kabisa, usukani umekuwa mwepesi. Ni sehemu ndogo ya sekunde lakini mwili unaipenda, na nadhani hapo ndo wengi tunadanganyika, tunachanganya utamu na spidi.

Kuna jamaa zetu wana ile imani ya kufanya mazoezi na ringi nzito ili siku ya mashindano wapae. Moyo haujui ringi ina kilo ngapi, unajua umekanyaga kwa nguvu gani na kwa muda gani, ukiwa na ringi nzito kwa nguvu ileile unachelewa kidogo basi. Unataka mzigo, weka gia kubwa. Faida ya ringi nzito kwenye mazoezi mi naiona kwingine kabisa: hazivunjiki. Hizi mpya zina spoku 20 mbele na 24 nyuma, za zamani 36 kila ringi. Wiki ya tatu tu nikaingia shimo baada ya Buhongwa, spoku mbili za nyuma zikakatika, ringi ikaanza kucheza mpaka inagusa breki. Fundi akaiangalia, akaizungusha, akasema hizi spoku bapa hapa Mwanza sina, subiri Dar. Siku kumi na moja. Ningekuwa na akili ningerudisha za zamani siku ileile ila nilikuwa nimeshamwazima mtu, kwahiyo siku kumi na moja za mazoezi zikaenda kwa kuokoa sekunde moja na nusu.

Halafu mchana upepo wa ziwa ukianza, ukiwa unarudi kutoka Usagara unakupiga usoni, hapo uzito wa ringi hauna maana yoyote, unapigana na hewa na kifua chako mwenyewe. Siku moja nimepitwa hapo na mzee wa baiskeli ya Phoenix ana madumu mawili ya maziwa, kainama kwenye usukani, hata hakunitazama.

Kilichonipa spidi ya kweli ni kutupa tairi za upana wa milimita 23 nilizokuwa nazijaza upepo mpaka psi 120 na kuweka za 28 kwa upepo wa psi 80. Lami yetu imekwaruzika, tairi ngumu inakurusharusha na kila mruko ni nguvu imepotea.

Juzi nimezirudisha ringi mpya Mwaloni, zikiwa na hizo tairi pana. Mama akaning'iniza, akasubiri mshale utulie.

"Mwanangu, mbona zimenenepa?"

Nikamwambia ndo zinakimbia hivyo. Akanitazama, akanirudishia ringi zangu, akaendelea na mteja wake.