Pauni mbili mbili mpaka Whitby, na Kashata wetu

Mwaka 2023 gari hatukuwa nalo na hela ya likizo hatukuwa nayo, tulikuwa na watoto wawili waliochoka kukaa ndani hapa Leeds, England, na mbwa. Kashata ni greyhound, wale mbwa wa mbio wembamba wenye miguu mirefu, wakistaafu mashindano wanatafutiwa nyumba na sisi tukampata kwa njia hiyo akiwa na miaka minne. Rangi yake ndo kashata ya karanga yenyewe, ile iliyokolea moto, mwanangu mkubwa alimwona tu akasema mama huyu kama zile za bibi Tanga, na jina ndo likawa hilohilo.

Hela ilikuwa inaishia kwenye viza. Ada ya afya, ile unayolipa pamoja na viza ili utibiwe huku, peke yake wakati ule ilikuwa pauni 624 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza na 470 kwa kila mtoto, hapo bado hujagusa ada ya maombi yenyewe. Mimi napika hotelini, kwahiyo unaweza kujua mwenyewe tulikuwa tunabana kiasi gani. Tangu tufike Uingereza hatujawahi kulala nje ya Leeds kama familia hata usiku mmoja, na watoto shuleni wanaulizwa likizo mlienda wapi, mkubwa akawa anajibu tulienda parki.

Basi tukaamua mwaka huo twende baharini, na watu wote walituambia muacheni mbwa. Nikapiga simu sehemu wanayolaza mbwa, pauni 25 kwa usiku, siku tatu ni 75, hela ya chakula chetu sote. Lakini hata ingekuwa bure nisingemwacha. Mwanangu mdogo alipoanza shule huku hakuongea na mtu karibu mwaka mzima, mwalimu akatuita akauliza kama mtoto anasikia vizuri. Alikuwa anasikia vizuri sana. Nyumbani alikuwa anajilaza chini ya meza na Kashata anamhadithia siku nzima ilivyokwenda, kwa Kiswahili, na mbwa ametulia kamkazia macho. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na taulo mkononi nasikiliza, maana ndo njia pekee ya kujua mwanangu ameshindaje. Sasa huyo ndo nimwache kwa watu asiowajua?

Basi nikawa nakaa usiku nikitoka zamu na daftari la mtoto, napiga hesabu. Treni mbwa anapanda bure, abiria mmoja anaruhusiwa mpaka mbwa wawili, na kuna kadi ya punguzo ya familia ilikuwa pauni 30 kwa mwaka, lakini hata ukiweka hiyo kadi bado watu wanne kwenda pwani na kurudi ilikuwa inatushinda. Mzee mmoja tunafanya naye kazi jikoni, mzaliwa wa hukuhuku Yorkshire, ndo akaniambia mbona hamchukui 840. Basi la ghorofa, linatoka Leeds linapita York, Malton, Pickering, linakatiza vilima vya North York Moors mpaka Whitby, bandari ndogo ya wavuvi. Na tangu Januari mwaka ule serikali ilikuwa imeweka nauli ya mabasi mengi ya England isizidi pauni 2 kwa safari, uende mbali uende karibu. Nikamuuliza mara tatu, pauni mbili mpaka baharini? Akasema mbili tu.

Tulivyojua sisi hiyo nauli mwisho wake ni 30 Juni (baadae wakaongeza muda, lakini Aprili tunapanga nani angejua?) ndo maana hatukungoja Agosti, tukachagua wiki ya mapumziko ya shule mwisho wa Mei. Kuwatoa watoto siku za masomo hatukutaka, faini wakati ule pauni 60 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ukichelewa kulipa inakuwa 120. Pa kulala tukatafuta karavani, kile kijumba cha magurudumu cha kukodi. Wa kwanza alikubali, aliposikia ukubwa wa mbwa akaghairi, wa pili akatutoza pauni 30 juu kwa ajili ya Kashata, usiku tatu jumla 240. Nikalipa mkono unatetemeka.

Mama akanitumia sauti WhatsApp kutoka Tanga. "Mwanangu, mbwa na nyie basi moja? Na dereva hasemi kitu?" Nikamwambia mama huku anapanda, ila dereva ndo mwenye kauli ya mwisho. Kikapita kimya kidogo, halafu ikaja nyingine. "Haya. Mfunikeni basi, baharini kuna baridi, na hana manyoya huyo."

Jumanne tarehe 30 Mei asubuhi dereva alimwangalia Kashata, akatuangalia na mabegi yetu, akasema karibuni. Watoto walitaka kukaa juu mbele, lakini greyhound wengi wamelelewa mabandani, ngazi hawazijui kabisa, Kashata aliziona zile ngazi za basi akakakamaa miguu yote minne. Nikabaki naye chini, akajikunja kwenye miguu yangu, kichwa juu ya kiatu changu, masaa matatu na zaidi. Baada ya Pickering nyumba zikaisha, ikawa kijani na kahawia tu na kondoo, barabara ikapita ukingoni mwa bonde kubwa la duara kama bakuli, halafu nikasikia kelele juu ya kichwa changu, watoto wameiona bahari. Mimi chini nilikuwa sijaiona bado na tayari machozi yananitoka. Nimekulia kwenye bahari, miaka mitatu sijaiona.

Teksi stendi ikamkataa mbwa. Tukatembea. Kuna njia ya reli ya zamani, treni ya Whitby na Scarborough ilisimamishwa 1965, sasa ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, inavuka mto Esk juu ya daraja la matofali refu sana lenye matao 13. Baba watoto na mabegi mawili, mimi moja, mkubwa kabeba sufuria yangu maana sisafiri bila sufuria, na mdogo kashika kamba ya Kashata. Tulitembea kwa muda wa saa moja na nusu. Ingekuwa teksi lile daraja tusingelipita, na mpaka leo mkubwa ukimuuliza Whitby anaanza na daraja.

Asubuhi yake ukungu wa bahari umefunika kila kitu, baridi kali, na ufukwe mkubwa tulipofika tukakuta kibao, 1 Mei mpaka 30 Septemba mbwa hawaruhusiwi. Mdogo akakaa chini na Kashata nje ya mstari akasema sisi tutangoja hapa. Hakulia, angelia ningejua la kufanya. Mama mmoja aliyekuwa na mbwa wake ndo akatuonyesha ng'ambo ya bandari, upande wa mji wa zamani, kuna kiufukwe kidogo kinaitwa Tate Hill, mbwa wanaruhusiwa mwaka mzima. Hapo ndo Kashata alipokimbia, kamba mkononi mwa baba watoto anakimbia nae, mchanga unaruka, na mwanangu mdogo anapiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu tuhame.

Karibu na hapo kuna banda la kukaushia samaki kwa moshi, familia moja inafanya hiyo kazi tangu 1872. Ile harufu! Nikasimama katikati ya njia ya mawe nimefumba macho, Kashata pembeni yangu pua juu. Ni heringi, siyo samaki wetu, lakini moshi ni uleule. Tukanunua jozi mbili, jioni nikawaunga na nazi ya kopo kwenye karavani na wali, usiniulize madirisha yalinuka vipi.

Halafu Whitby kuna ngazi 199 za mawe za kupanda kanisani juu. Kashata akaziona, akakakamaa tena, tukasema basi tumpitishe njia ya mawe ya pembeni. Mdogo akakataa. Akakaa ngazi ya kwanza, akamshika mguu wa mbele akauweka juu. "Moja." Akaushika mwingine. "Mbili." Ngazi zenyewe ni pana, siyo ndefu kwenda juu, na kuna sehemu za bapa zenye mabenchi, zamani waliokuwa wanapandisha jeneza walikuwa wanapumzika hapo, na wao wawili wakapumzika kwenye kila moja. Ilipofika arobaini mguu haukuhitaji kushikwa tena. Watu wanatupita wanasimama kusikiliza lugha. Alipofika sitini na tisa akasema themanini, nikamrekebisha, sabini, akarudia, tukaendelea, tukakosea tena mia na kitu, juu upepo ukawa unampeperusha Kashata masikio.

Ijumaa basi la kurudi lilikuwa mchana. Mdogo ameamka kabla ya wote, kavaa viatu, kashika kamba. Akasema mama leo usinisaidie. Nilikaa kimya ngazi zote, sitini na tisa ikapita, sabini ikaja yenyewe, na kwenye mia moja tisini na tisa Kashata akajilaza juu ya jiwe akatoa ulimi, baba watoto huko chini anapunga mikono kwamba jamani muda.