Nilivyopata aerojeli nyepesi ya kunasa vumbi la angani

Chembe ya vumbi inayokwenda kilomita 6 kwa sekunde ikigonga bamba la chuma, sehemu kubwa yake huyeyuka au kugeuka mvuke papo hapo. Ndiyo maana chombo cha NASA cha Stardust kilipopita karibu na kometi Wild 2, Januari 2004, kilitandaza vigae vya aerojeli ya silika, yaani jeli iliyokaushwa ya madini yanayounda mchanga na kioo, ambayo karibu yote ni vitundu vya hewa. Chembe zilizama humo, zikapunguza mwendo kidogo kidogo, na Januari 2006 zikatua Utah, Marekani. Tangu nisome habari hiyo nilitaka kutengeneza aerojeli kwa mikono yangu.

Katika maabara ya chuo nilikosomea nililenga miligramu 10 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Hewa yenyewe ina kama 1.2. Kwa wepesi huo, kuchanganya kila kitu kwa mkupuo mmoja hakufai: jeli inachelewa kushika, na ikishika ni legelege. Nilifuata njia ya hatua mbili. Kwanza silika inaunganishwa nusu kwa asidi na maji machache, kisha alkoholi inatolewa yote. Baadaye unaizimua, unaongeza maji na amonia, unamimina kwenye kalibu na kuiacha itulie. Usiitikise hata kidogo.

Kazi yenyewe hasa ni kukausha. Ukiiacha ikauke kwa hewa, kimiminika kinapotoka kinavuta kuta za vitundu na jeli inasinyaa. Kwa hiyo kimiminika kinabadilishwa kwa kaboni dioksaidi iliyo katika hali ya kimiminika, halafu unapandisha joto kupita nyuzi 31, shinikizo likiwa zaidi ya mara 73 ya hewa ya kawaida. Hapo hakuna tena mpaka kati ya kimiminika na gesi, wala hakuna kinachovuta kuta.

Kilichoniokoa ni hesabu moja ya usambaaji, yaani jinsi kimiminika kinavyopenya polepole ndani ya jeli: unene wa kipande ukiongezeka mara mbili, muda wa kuosha, yaani wa kubadilisha kimiminika hicho, unaongezeka mara nne. Nilipoufuata muda huo bila kuupunguza, na kufungua vali taratibu mno mwishoni, kipande kilitoka kizima. Juu ya kitambaa cheusi kilikuwa na ubuluu hafifu. Kiganjani sikuhisi uzito wowote.

Maabara nyingine yenye bunduki ya gesi ikakifyatulia shanga za kioo, nyembamba kuliko unywele. Chini ya hadubini kila njia ilikuwa na umbo la karoti, na kwenye ncha yake shanga imekaa. Nilishangilia kwa sauti!

Sasa napambana na kaboni inayobaki ndani ya jeli. Anayetafuta kemikali za uhai kwenye vumbi la kometi hawezi kuikubali hata kidogo, kwa hiyo vipande vyangu vinapitia tanuri kwanza, kisha vinahifadhiwa pasipo unyevu.